Kengele ya Bibi Suzan

Ishaka aliweka dau sahani ya biriani ya Fordsburg, hapa Joburg, nyama mbili, kwamba hakuna atakayeamini kisa chake. Na kweli, nani amwamini? Mtu wa Tanga, shule kaacha darasa la tano, Ulaya hajakanyaga, lakini akikueleza mji wa Harnbury huko Uingereza, utadhani kazaliwa pale.

Aliujua kwa mwenye nyumba wake wa Troyeville, Bibi Suzan, ambaye Ishaka alimtunzia bustani miaka kumi na moja. Kila wakinywa chai, bibi anaanza. Mfalme fulani wa zamani aliwapa watu wa Harnbury ruhusa ya gulio, siku moja kwa wiki. Katikati ya uwanja kuna msalaba wa mawe. Watu wa mji huo wabahili, wambea, na hakuna kuuza hata yai kabla ya kengele. Ukiuza, mali yako wanagawiwa maskini. Mwaka wa tauni, nusu ya mji ikaenda. Kengele waliigonga vilevile, uwanja mtupu, ili waliokufa nao waingie sokoni, wapumzike.

"Nikifa, nigongee siku ya gulio," bibi alimwambia. "Usiponigongea nitabaki nje na kikapu changu. Andika siku yenyewe, Ishaka."

"Niandike nini, bibi? Kichwa hiki ni daftari! Muulize Bushra."

Bushra, mkewe, akacheka. "Daftari lililoloa maji."

Bibi alifariki mwezi wa sita. Ishaka akanunua kengele ya shaba, akaigonga Alhamisi asubuhi mpaka jirani akatoka na taulo kumtukana. Wiki nzima ni majigambo tu.

Kisha kikapu cha bibi, kinachoning'inia jikoni, wakakikuta getini. Ishaka akakirudisha, akamsingizia paka. Wiki iliyofuata, getini tena. Mpini wake wa moto, kama umetoka mkononi mwa mtu sasa hivi, na baridi yote ile ya Joburg. Akagonga tena Alhamisi. Na nyingine. Kikapu kikatoka hivyohivyo.

"Eish, baba Samira," Bushra akasema, na safari hii hacheki. "Mbona kinatoka Jumanne tu? Hiyo Alhamisi uliitoa wapi?"

Ishaka hakujigamba. Akaishika kengele kwa mikono miwili isilie.

"Alhamisi ni gulio la kwetu kijijini," akasema. "Bibi alisema Jumanne. Nilikosea siku."