Ng'ombe wa Kina Adeng

Adeng anapika mandazi katika kambi ya wakimbizi ya Kakuma Moja, na kwa miaka zaidi ya kumi watu wamemjua kwa mandazi yake tu. Namna alivyotoka Sudan Kusini na mtoto mchanga mgongoni, hilo hakumwambia mtu, hata mtoto mwenyewe, Ayen. Ayen aliambiwa tu kwamba bibi yake alikufa kwa homa.

Ndipo akaja Ashley kutoka Lodwar, msichana mchoraji, anayetengeneza filamu ya katuni juu ya kina mama waliokimbia vita.

"Sauti itakuwa yako, Mama Ayen, lakini uso wako hauonekani. Nitakuchora mwingine kabisa."

Kwa hilo Adeng alikubali. Akasimulia siku mbili, amempa Ashley mgongo, anakanda unga.

Baada ya miezi mitatu Ashley alirudi na kompyuta. Kwenye kioo wanawake walitembea wamejitanda, na mbele yao ng'ombe mweusi, mwenye nundu na pembe fupi. Adeng alicheka, kisha uso ukakunjamana.

"Hii umetoa soko ya mifugo Lodwar!"

"Lakini mama, si ni ng'ombe tu?"

"Wewe! Nichore na pua ya ndovu, nitanyamaza. Lakini hii ng'ombe, hapana. Futa sauti yangu."

Ashley akanywea. Bila sauti ile hapakuwa na filamu. "Basi nionyeshe wako."

Adeng akamwaga unga mezani, akausawazisha, akachora kwa kidole pembe ndefu, zimepanda juu kama mikono ya mtu anayecheza ngoma.

"Rangi yake ni ya nyasi kavu. Kwetu, msichana anapewa jina kwa rangi ya ng'ombe kama huyu."

Ayen, aliyekuwa ndiyo kwanza ametoka shule, alisimama na mkoba wake begani. "Jina gani, mama?"

"Lako."

Mafuta ya mandazi yalianza kutoa moshi jikoni; hakuna aliyeyajali.

"Maziwa yangu yalikauka njiani," Adeng akasema. "Ng'ombe huyu alitoa kikombe kimoja kwa siku. Bibi yako Amou alikataa kuonja. Alisema, mtoto kwanza. Tulimzika njiani, Ayen. Haikuwa homa."

Ayen aliweka mkoba chini. Kisha akachora kwenye unga, kando ya ng'ombe, mwanamke mmoja.

"Alikuwa mrefu hivi?"

"Mrefu zaidi. Ongeza miguu."

Ashley akapiga picha meza ile. "Na sauti, mama?"

"Iache. Lakini kwanza nione rangi utakayompaka ng'ombe."