Sheria za Barabarani kwa Wimbo wa Jembe

Mume wangu alifundishwa sheria za barabarani na mwanamke mwingine, na mimi nikiwa natazama. Nalisema mapema ili mtu asije akadhani nililofanya baadaye nililifanya kwa kutojua. Nililifanya kwa wivu.

Tulikuwa tunakaa Igogo, pale Mwanza, miaka ile baada ya vita kuu ya pili. Mume wangu alikuwa mziba matairi katika gereji ya Mhindi mmoja mwenye malori ya kubebea pamba. Kuendesha alikuwa amejifunza humo humo uani, kwa kuyasogeza malori mbele na nyuma ili kuyapanga, lakini barabarani hakuwahi kushika usukani hata siku moja. Dereva mmoja alipoacha kazi, Mhindi huyo, tajiri wake, alimwambia nafasi ni yake akipata leseni ya kujifunza kabla msimu wa pamba haujaanza. Asipoipata, ataletwa mtu mwingine. Ili kuipata ilibidi ukae mbele ya karani wa polisi akuulize maswali kumi, aandike majibu yako kwenye karatasi, halafu mkubwa wake Mzungu aisahihishe. Maswali yote yalitoka katika kijitabu kimoja cha Kiswahili, na kijitabu chenyewe tajiri alimpa. Ila mume wangu hakujua kusoma. Mimi pia sikujua.

Jirani yetu alijua. Alikuwa fundi cherehani, mwanamke wa mjini hasa, ameachika, na baba yake aliyekuwa karani alimfundisha kusoma tangu mdogo. Alikuwa na meno meupe na sauti ya chini isiyo na haraka. Nilimchukia kwa yote mawili kabla hajanikosea lolote.

Kila alasiri mume wangu alirudi kutoka kazini, akasugua mikono hadi harufu ya gundi ikatoka, akavaa shati safi. Shati safi! Mimi nilizoea kuletewa lile la kazini. Kisha alikwenda kukaa kwenye baraza ya jirani, mchana kweupe, kila apitaye akiwaona. Laiti wangejificha ningekuwa na la kusema. Mimi nilikaa mlangoni kwangu nikipepeta mtama, na mtama ule ulipepetwa sana siku zile kuliko mtama wowote Mwanza nzima.

Siku tatu hakushika kitu. Ya nne nilimsikia akisema, "Dada, mimi maneno matupu hayaniingii. Sisi kwetu kila kitu tunakishika kwa wimbo. Hebu niulize kama watu wanavyolima."

Roho ikaniuma papo hapo. Usukumani vijana hulima kwa vikundi, mstari mmoja shambani, ngoma ikipigwa. Mmoja anaita, wengine wanaitikia, na jembe linashuka pamoja na jibu. Katika kikundi chetu mwitaji nilikuwa mimi. Yeye alikuwa mwisho wa mstari, akiitikia kwa nguvu kuliko wenzake wote, mpaka mama yangu akajua mambo yetu kabla sijamwambia. Hivyo ndivyo nilivyochumbiwa. Sasa yule bibi wa cherehani, ambaye jembe hakulijua, alikuwa anaita kwa mahadhi yangu, tena anayakosea:

"Mkono ukipunga kwenda mbele?"

"Wa nyuma apite!"

"Mkono ukipanda na kushuka?"

"Napunguza mwendo, usipite!"

Walicheka. Nilitamani kumwaga ungo wote.

Yalimwingia yote. Akawa anaimba akioga, anaimba akila, na kila alipoimba nilisikia sauti ya yule mwanamke ndani ya sauti yake. Nami, bila kutaka, nikayashika pia. Usiku wa kuamkia mtihani sikuomba apite. Nasema kweli. Niliomba akwame, tajiri alete mtu mwingine, na yule mwalimu wake aone haya.

Asubuhi mume wangu alikuwa amekaa kwenye kigoda, uji hajaugusa. "Mke wangu," akaniambia, "hebu niitie mara moja tu. Wewe ndiye unayejua kuita."

Kwa mwezi mzima nilikuwa nikilingoja neno hilo, na lilipofika nilikuwa nimeshaoza moyo. Nikaita. Alijibu vizuri mpaka tulipofika kwenye ishara za mkono.

"Sivyo," nikamwambia. "Umechanganya. Mkono ukipunga kwenda mbele ndio kupunguza mwendo, asipite mtu. Ukipanda na kushuka ndio apite."

"Una hakika?"

"Nimekaa pale mlangoni siku zote. Nimesikia kwa masikio yangu."

Akaniamini. Akairudia mara tatu kama nilivyomgeuzia, mkono wake nje kana kwamba umetoka dirishani, akaenda zake.

Alirudi adhuhuri na leseni. Alinisimulia maswali yote kumi, moja baada ya jingine, na nilikuwa nikisubiri lile la ishara za mkono. Halikuulizwa. "Kesho kutwa naanza," akasema. "Nakwenda njia ya Nyegezi mpaka kivuko cha Busisi. Dereva mzee atakuwa lori la mbele, mimi nyuma yake, na dereva mwenye leseni kamili ubavuni kwangu." Mwenye leseni huyo nilimjua. Lori likishaondoka tu, yeye husinzia.

Nikamwona kichwani yule mzee wa mbele akipandisha na kushusha mkono, na mume wangu akikanyaga mafuta ili ampite. Nikakosa pa kukaa.

Kesho yake nikaenda kwa jirani. Nilimwambia kwa kuzungukazunguka kwamba ingefaa amrudishe tena kwenye ishara, huenda amesahau. Hakuinua macho kutoka kwenye cherehani.

"Hasahau yule," akasema. "Nani kamchanganya?"

Nikainama kuokota vipande vya kitambaa sakafuni. Akasimamisha gurudumu kwa kiganja, akanitazama.

"Nilidhani ungekuja kunitukana," akasema. "Hilo ningelielewa. Mimi nilimfundisha sawasawa, bibi. Uliyemharibia ni wewe, na wewe ndiye utakayemtengenezea." Akaendelea kushona.

Nilijaribu kwanza njia ya mkato. Nilimwambia mume wangu kwamba asubuhi ya mtihani nilikosea, ishara ni kama alivyokuwa akizijua mwanzo. Akacheka. "Wacha kunitia wasiwasi. Uliniambia umesikia kwa masikio yako."

Basi nikapiga moyo konde, nikamwambia kwamba sikukosea. Nilijua, nikageuza. Nikamwambia na sababu.

Hakunipiga wala hakupaza sauti. Aliuliza tu. "Ulijua nitakuwa nyuma ya mzee?"

"Sikujua. Nilitaka ushindwe mtihani tu."

"Na nilipofaulu? Toka adhuhuri ya jana mpaka sasa?"

Akasimama, akaenda kwenye baraza ya jirani, na nilimwona akitoa mkono, akipunga kwenda mbele, kisha akipandisha na kushusha, na yule mwanamke akitikisa kichwa kukubali. Safari hii hawakuimba.

Aliendesha malori miaka mingi, na hakumgonga mtu. Jirani alihamia kwa ndugu zake, hata sikumbuki ni lini, na mume wangu hakumtaja tena. Hakuniacha, hakuoa mwingine, mshahara aliuleta nyumbani wote. Watu waliniambia nina bahati, na kweli ninayo. Ila toka siku ile mpaka anakufa, nikimwambia maji ya kuoga yamepoa, alitia kidole kwanza.