Biro Yetu ya Komanda

Asubuhi ya Jumatatu moja, katika miaka ile ambayo sote tulikuwa tukiitana sitwayeni, raia, badala ya bwana na bibi, Papa Paluku aliniita na kunipa barua niisome kwa sauti. Kampuni yake ilikuwa hapa Goma, kwenye barabara ya kwenda Sake. Ilinunua maharage na viazi vya Masisi, ikavipeleka kaskazini, na wakati wa kurudi ikaleta mafuta ya mawese. Mimi, Furaha, nilikuwa mpiga mashine wake wa barua.

Barua ilitoka kwa kontrolere wa kodi wa Komanda, mkoa wa Haut-Zaïre. Ilisema kampuni yetu ina biro Komanda, na kampuni yenye biro katika mkoa hulipa kodi kwa mkoa huo. Kodi ya nini? Ya faida yote, hata ya maharage yaliyouzwa sokoni Goma. Na mkoa wetu wa Kivu ulikuwa umekwisha kuitoza faida ile ile, bila kubakiza punje. Mwishoni mlikuwa na mistari mibaya zaidi: duka la directrice wetu, mkurugenzi wa biro hiyo, sitwayeni Zawadi, limefungwa kwa kufuli ya serikali, na kamio yetu, yaani lori, itakayoonekana huko baada ya mwisho wa mwezi itashikwa.

"Haragwe moja likiliwa mara moja linakwisha," Papa Paluku akasema. "Kwa nini lilipiwe kodi mara mbili? Na hiyo biro ni ya nani? Mimi sina biro Komanda. Sina directrice!"

Muzee Balume, shofere wetu wa kamio wa siku nyingi, alikuwa amesimama mlangoni. Akakohoa.

"Tuko nayo, Papa. Ile ya droo tatu."

Kwetu neno biro ni moja kwa vitu viwili: chumba cha kazi, na meza ya kuandikia. Mwaka mmoja nyuma Muzee Balume alikuwa akimpelekea mteja wa Mambasa meza ya namna hiyo. Kamio ikazama kwenye tope Komanda, akapunguza mzigo, na meza akamwachia mama mmoja muuza samaki. Mteja alichoka kungoja, akanunua nyingine. Ubavuni mwa ile yetu kulikuwa na jina la kampuni kwa rangi nyekundu.

"Nenda uilete," Papa Paluku akaniambia. "Na usirudi bila karatasi ya kusema hatuna biro kule. Balume anajua barabara, lakini Kifaransa cha muhuri hakijui."

Jumanne, saa kumi na mbili asubuhi, tuliondoka Goma na magunia ya maharage nyuma. Tulipita Rutshuru bila shida. Katika tambarare ya Rwindi tembo mmoja alisimama katikati ya barabara, nasi tukazima injini na kumngoja karibu saa nzima. Tangu Goma tulikuwa tumekwisha kusimamishwa na barieri nne za barabarani.

"Huyu ni wa tano," Muzee Balume akasema, "lakini yeye haombi karatasi."

Jioni tulifika Kanyabayonga, juu kwenye baridi, tukalala kwa shemeji yake. Mama yule alitupa ugali na sombe ya majani ya mihogo, akaniuliza ninakwenda kununua nini.

"Kuchukua meza, mama. Komanda."

Alinitazama kwa huruma. "Goma maseremala wamekufa wote?"

Jumatano tulishusha maharage Butembo. Alhamisi mvua ilitushika Beni. Ijumaa tuliingia msituni, tukapita Eringeti, tope likipanda hadi vishikio vya milango. Njia nzima nilikuwa nikijifunza maneno nitakayomwambia kontrolere, kwa Kifaransa, na kila gurudumu lilipozama nilisahau sentensi moja.

Jumamosi asubuhi, Komanda. Nilimkuta Mama Zawadi amekaa kwenye jiwe mbele ya duka lake. Mlango ulikuwa na kufuli kubwa na karatasi yenye muhuri. Harufu ya samaki waliofungiwa ndani ilikuwa imefika hadi barabarani.

"Mama, ni wewe directrice?"

"Ndiyo wanavyosema. Wewe ni mutu wa kampuni?"

"Ndiyo."

"Basi unipe mushahara wangu."

Nilidhani anatania. Hakuwa anatania. Wiki tatu alikuwa hajauza kitu. Alitulindia meza yetu bure, akaifuta vumbi, na sasa alikuwa akikopa mihogo kwa majirani. Nilimpa chakula chote kilichobaki kwenye kamio, na sikuweza kumtazama machoni.

"Na biro iko wapi?" nikauliza.

Akanyoosha kidole kwenye baraza la duka. Meza yetu ilikuwa pale, na nyuma yake alikaa mwanamume mwenye abakosti, ile suti isiyo na tai, iliyofungwa hadi kooni, akiandika. Alikuwa kontrolere mwenyewe. Tangu ahamishiwe Komanda serikali haikuwa imempa meza, kwa hiyo kila siku alikuja kufanyia kazi kwenye yetu. Ile barua ya kutudai kodi kwa sababu ya biro, aliiandikia juu ya biro hiyo hiyo.

Alikuwa mtu mwenye heshima nyingi. Alisimama, akanipa kiti chake, akasikiliza yote.

"Ninaelewa, sitwayeni. Mukiondoa biro, ninaandika karatasi ya atestasyo kwamba hamuna biro, na ninafungua duka. Ni haki yenu."

"Basi andika, sitwayeni kontrolere."

"Siwezi. Biro ingali hapa. Itakuwa uongo."

Muzee Balume na wanaume wawili wakaibeba meza, wakaipakia kwenye kamio.

"Sasa?"

Kontrolere alitazama kushoto, akatazama kulia. "Sasa sina pa kuandikia."

Nikamwambia aandike juu ya goti. Akasema muhuri wa serikali haugongwi juu ya goti. Nikamwambia aandikie ukutani. Akasema wino unashuka. Jua lilikuwa linapanda, na Mama Zawadi alikuwa amesimama mbele ya kufuli na mikono yake kiunoni. Ndipo Muzee Balume akafungua mlango wa nyuma wa kamio.

"Papa kontrolere, panda."

Akapanda. Akaketi kwenye gunia tupu mbele ya meza, akatuomba tusogeze kamio kidogo ili meza iwe inatembea, naye asiwe mwongo. Tulisogea hatua kama ishirini. Akaandika kwamba kampuni yetu haina biro mahali popote palipotulia katika Komanda, akagonga muhuri, akashuka, akafungua kufuli. Mama Zawadi aliingia, akatoka na beseni la samaki waliooza, akalimwaga mbele ya viatu vya kontrolere. Naye akaruka.

Jumapili, Beni. Ajenti wa kodi kwenye barieri alisoma ile atestasyo mara mbili.

"Haijatulia. Maana yake inatembea. Leo imefika kwetu. Munafungua biro Beni, na wenye kufungua wanalipa."

Nilimweleza kwa saa nzima. Kampuni inalipa Goma, na Goma na Beni ni mkoa mmoja. Akasema Goma ni Goma na Beni ni zone ingine, wilaya yenye kodi yake. Muzee Balume alichoka kusikiliza. Alichukua nyundo, akapanda, akaibomoa meza vipande.

"Hakuna biro tena, sitwayeni. Ni mbao."

Ajenti akatabasamu. "Mbao za kutoka Haut-Zaïre? Nipatie ruhusa ya msitu."

Nilikaa chini barabarani, nikacheka hadi machozi yakatoka, kisha yakawa machozi ya kweli. Nilikuwa na siku sita sijaoga vizuri, na nilijua nikirudi na kodi nyingine ya kulipa sina kazi. Nafikiri ajenti aliniogopa.

"Bon," akasema. "Muniachie mbao, tumemaliza."

Tulimwachia. Naye, kwa kuwa alikuwa mtu wa utaratibu, alitupa risiti: nimepokea kwa kampuni ya Goma, biro moja.

Jumanne, Goma. Papa Paluku aliziweka karatasi mbili kando kando. Moja ilisema hatuna biro Komanda. Nyingine, yenye muhuri wa Beni, ilikuwa na neno biro na jina letu.

"Furaha. Nilikutuma kufunga biro moja, umenifungulia ingine."

"Papa, hii ya Beni iko ndani ya mkoa wetu, na mkoa wetu tumekwisha kuulipa."

Akaanza kucheka polepole, kisha akaniambia nimpe shofere mwingine ampelekee Mama Zawadi mshahara wa wiki tatu, wa directrice, si wa mlinzi wa meza. Haut-Zaïre haikutuandikia tena. Kivu iliendelea kutula peke yake, kama zamani.

Nilichojifunza ni hiki: mwenye muhuri hakutafuti pale unapofanya kazi, anakutafuta pale jina lako lilipoandikwa. Mwezi uliofuata tulichapisha karatasi mpya za barua, nami nikamuuliza Papa Paluku niandike biro yetu iko wapi.

"Andika jina tu," akasema. "Mahali, usiandike. Wenye kututafuta wanapajua kuliko sisi."