Mama Alivyokimbia Kinyumenyume

Enzi zetu pale Itigi, sinema ilikuja na Landrova ya serikali, ikaonyeshwa Jumamosi mchana darasani. Wazazi walialikwa, na madirisha yalizibwa kwa mablanketi tuliyotoka nayo nyumbani, mengine yakinuka mikojo ya wadogo zetu. Kwa kawaida tulionyeshwa samadi na uchimbaji wa vyoo.

Siku moja bwana sinema akaleta filamu isiyo na hadithi. Aliyeipiga alikaa tu dirishani mwa treni: reli zikipishana, nyaya za simu zikipanda na kushuka, mara vichaka vyote vikageuka miguu juu. Wazee wakaguna. "Sasa hii inafundisha nini?" Sisi watoto midomo wazi.

Ghafla, stesheni yetu! Na mama yangu, beseni la mayai kichwani. Lakini mtengenezaji alikuwa ameirudisha picha nyuma: mama akakimbia kinyumenyume, akachukua mayai mkononi mwa abiria. Darasa likalipuka.

"Mama Neema, umempokonya mgeni mayai!"

Mama, aliyeketi nyuma yangu, alijifunika khanga usoni.

Hapo hapo utepe ukakwama, ukaungua. Bwana sinema akakata sehemu mbovu, akaitupa. Tuliigombea. Enzi hizo tulikusanya vipande vya filamu, tukavitazama kwa jua na kubadilishana. Kipande chenye picha ya mama kilimwangukia Yosefu, mwanafunzi mwenzangu, mwenye kopo zima la vipande.

"Njooni mwone mnyang'anyi wa mayai!" alitangaza wiki nzima.

Mimi nilikuwa na haya, kugombana siwezi. Ila nilikuwa na kipande cha kichwa cha treni, moshi na yote, ambacho kila mtu alikitamani. Nikampa, naye anipe cha mama.

"Kichwa cha treni kwa mama yako? Neema, umerogwa?"

Nilitaka kukichoma hicho cha mama. Kabla ya kuwasha kiberiti nikakiinua kwenye jua. Mle mama hakimbii. Amesimama, mkono umenyooka, anamchekea abiria. Nikampelekea.

"Kumbe ndivyo nilivyo," akasema, akakificha katika kitabu chake cha nyimbo.

Wajukuu zangu leo hupiga picha chipsi kabla ya kuzionja, kisha wanafuta. Mama hakupigwa picha nyingine maishani. Siku ya kumzika, ndugu walipoomba picha, nilitoa kile kipande kitabuni mwake, ukubwa wa ukucha. Kilipita mkono kwa mkono, kila mmoja akikiinua kwenye jua. Yosefu, mvi tupu, alikishika muda mrefu kuliko wote.