Sista Aliyejishtaki kwa Kuunguza Injini ya Ndege

Mume wa Sista alinipigia simu Jumatatu asubuhi nikiwa kwa fundi viatu mjini Kitale, mguu mmoja ndani ya kiatu na mwingine juu ya gazeti. "Mwandishi, Sista ametuacha," akasema. "Alfajiri ya leo. Hakusumbuka." Kisha akaongeza, "Na ndege tumeiacha Kisumu." Simu yangu huongea kwa sauti, kwa hiyo fundi alisikia yote, akaacha kushona na kunitazama. Nilimwambia kwamba aliyefariki alikuwa muuguzi mstaafu. Akauliza kama wauguzi siku hizi wanalipwa vizuri kiasi hicho. Sikuweza kumjibu pale, ila nimekuwa nikilijaribu jibu kichwani wiki nzima, na leo ninawaletea.

Alizaliwa Endebess, akaolewa Bungoma, na kwa sehemu kubwa ya maisha yake alifanya kazi katika chumba cha upasuaji. Yeye ndiye aliyemkabidhi daktari makasi, na yeye ndiye aliyehesabu kila kitambaa kilichoingia tumboni mwa mgonjwa na kila kilichotoka. Kila mtu alimwita Sista, hata mumewe. Tulikutana katika duka moja la kompyuta hapa Kitale, nilikopeleka laptopu yangu iliyomwagikiwa na uji. Sista alikuwa amesimama mbele ya mwenye duka, mkoba kifuani, akitaka kuwekewa ndege. Mwenye duka alinieleza kwamba kuna programu ya kuigiza urubani kwenye kompyuta, na kwamba wanaotaka ndege iliyotengenezwa kwa undani zaidi huinunua kando na kuiongeza humo. Alikuwa amemwonyesha mbili. Ya kwanza ilikuwa nyepesi, unabonyeza kitufe kimoja injini zinawaka. Ya pili ilikuwa ndege kubwa ya abiria ambayo kila swichi yake inafanya kazi, na maelekezo yake yalizidi kurasa elfu moja.

"Mama, chukua hii rahisi," mwenye duka akamsihi. "Hata ukikosea, haina neno."

"Na hii nyingine, nikikosea?"

"Hiyo inakumbuka. Ukiharibu kitu leo, kesho utakikuta kimeharibika."

"Basi nipe hiyo," Sista akasema.

Nje ya duka nilimuuliza kwa nini ajitese hivyo. Aliniambia kwamba alipanda ndege mara moja tu maishani, kutoka Nairobi hadi Kisumu, na alipokuwa akiingia aliona mlango wa marubani uko wazi. Ndani walikuwa watu wawili. Mmoja alikuwa akisoma karatasi, mwingine akigusa swichi na kujibu, moja baada ya nyingine, bila haraka. "Walikuwa wanaulizana," akasema. Alilisema jambo hilo kama mtu anayesimulia habari za mbinguni.

Maelekezo yote aliyachapisha, yakawa majuzuu manne, akayavalisha karatasi za khaki kama vitabu vya shule. Wiki ya kwanza hakugusa injini. Alinipigia simu siku ya nane kuniambia, "Leo tumepata umeme," na mke wangu akaeneza habari kwa majirani kwamba Bungoma stima imerudi. Wiki ya tatu ndipo ndege ilipotikisika kwa mara ya kwanza, nayo ilisogea tu hatua chache ikasimama, kwa kuwa Sista alikumbuka hajafunga mlango wa mizigo. Mumewe, mfanyabiashara wa mahindi ambaye hakupenda hata kupanda ngazi, alipewa kazi ya kumsomea orodha. Aliichukua kwa uzito kuliko tulivyotarajia. Alivaa koti. Sista akijibu bila kuiangalia swichi, mzee alirudia swali palepale. "Nimekuuliza na wewe umeangaria dirisha," alimwambia mara moja nikiwepo, na Sista akaomba msamaha na kuangalia swichi.

Basi ikatokea kwamba alasiri moja, wakijiandaa kuondoka Kisumu, Sista alifungua mafuta kabla injini ya kushoto haijazunguka vya kutosha. Joto lilipanda hadi kwenye alama nyekundu, likapita. Alipofunga mafuta, injini ilikuwa imekwisha kuungua. Kesho yake alipowasha kompyuta, kweli, ilikuwa imeungua bado. Mzee alipekuapekua akagundua kitufe cha kurekebisha kila kitu mara moja. "Si ubonyeze tu hapo, iwe mpya? Ndege yenyewe si ya kweri." Sista alikataa. Alisema kwamba kabla ya kurekebisha chochote lazima ijulikane ilikuwaje. Aliandika barua ya kujishtaki, akapeleka nakala moja kwangu Kitale na nyingine kwa jirani yake, mzee wa kanisa. Mimi niliteuliwa mwenyekiti wa kamati ya nidhamu.

Nilikwenda nikidhani ni mzaha. Sebuleni nilikuta meza imetandikwa kitambaa cheupe, mashahidi wameketi na mshtakiwa amesimama. Mzee wa kanisa alifungua kwa sala ndefu, akauliza swali la kwanza.

"Abiria walikuwa wangapi?"

"Mia moja hamsini na sita," Sista akajibu.

"Sasa wako wapi?"

"Hawako, mzee. Ni kompyuta."

"Bwana asifiwe," akasema mzee wa kanisa, akaandika kwamba wote walinusurika.

Mume alihojiwa kama shahidi. Alikiri kwamba wakati injini inawashwa alikuwa ametoka kwenye kiti chake na kuita kutoka jikoni kwamba chai inapoa. "Mimi nilisema chai tu," akajitetea. "Sikusema mambo ya mafuta." Nilikuwa ninauma shavu kwa ndani ili nisicheke. Ndipo nikamgeukia Sista, na kwa kuwa mwenyekiti lazima aseme kitu, nikamuuliza, "Kwa nini hukungoja?"

Alikinyoosha kitambaa cha meza kwa kiganja. Kisha akasema, "Nilikuwa na haraka. Na sasa nitawaambia habari ya ile nyingine."

Ile nyingine ilikuwa ya kweli. Miaka mingi nyuma, mwishoni mwa upasuaji, daktari akiwa anataka kufunga tumbo, alimuuliza kama hesabu imetimia. Ilikuwa imepungua kitambaa kimoja. Sista alifikiri amehesabu vibaya, na daktari alikuwa amekwisha kuinua sindano, basi akasema imetimia. Baada ya siku tano mama yule aliyepasuliwa alirudishwa na homa, akafunguliwa tena, kitambaa kikatolewa. Alipona. Ripoti ilisema kwamba hesabu ilikuwa na hitilafu. "Nilingoja waniite," Sista akasema. "Niliiosha ile yunifomu nzuri, nikaipiga pasi, nikangoja. Nimengoja mpaka nikastaafu. Hakuna aliyewahi kuniuliza."

Mumewe, waliyelala naye nyumba moja miaka yote hiyo, alikuwa akilisikia kwa mara ya kwanza. Mzee wa kanisa alitaka tumsamehe papo hapo, naye akakataa msamaha wa haraka. Alitaka adhabu, tena iandikwe. Tulimzuia kuruka kwa siku kumi na nne, na tukamwagiza atusomee kwa sauti sura yote ya kuwasha injini. Alitusomea. Saa nzima na zaidi. Alipomaliza aliketi, akaomba chai, akachapa vipande vitatu vya mkate kama mtu aliyetoka shambani. Ndege bado iko Kisumu.

Tangu siku hiyo nimekuwa nikisikiliza jinsi tunavyozungumza kazini. Faili limepotea. Daraja limebomoka. Mahindi yameoza ghalani. Vitenzi vyetu vimejifunza kutembea bila watu, na tunaviacha vipite kwa sababu kesho vya kwetu navyo vitapita. Tunadhani tunamhurumia mkosaji tusipomuuliza. Nilimwona mmoja aliyehurumiwa hivyo, na ilimbidi anunue ndege ili apate mtu wa kumhoji.

Sasa zamu yangu. Miaka miwili iliyopita niliandika katika safu hii kwamba mkulima mmoja wa Endebess ameziba kijito na kuwanyima jirani zake maji. Hakukiziba. Nilikisikia kisa hicho hotelini nikakiandika bila kwenda kuona. Alinipigia simu, nami nikamjibu kwamba tutafuatilia. Sikufuatilia. Nilikosea mimi, si gazeti, si mitambo. Keshokutwa ninakwenda kumwambia hivyo uso kwa uso, akikubali kunifungulia lango.