Mbwa Asiyekula Ugali

Harufu ya dawa ya kupigia deki kwenye korido hii ya hospitali ndiyo ile ile ya kliniki ya mifugo tulikomwacha mbwa wetu nilipokuwa mtoto, akiharisha damu. Siku ya kwanza mama alipiga simu, daktari akasema, "Anaendelea vizuri." Siku ya pili hakupokea. Ya tatu nikamsumbua mama mpaka akanipa simu.

"Shikamoo daktari. Mbwa wetu anaendeleaje?"

"Marahaba. Anaendelea vizuri. Leo kamaliza sahani nzima ya ugali."

Akakata. Mama akashusha pumzi, akarudi kumenya ndizi. Mimi nilibaki nimeshika simu. Kwetu Ihembe mbwa alikula tulichokula sisi, ndizi na maharage. Ugali aliunusa tu, akaondoka.

"Mama, huyo siyo mbwa wetu."

"Nyamaza. Daktari akudanganye wewe ili iweje?"

Jumamosi tulipomfuata, tulikabidhiwa kamba yake tu, imeshafuliwa na kukauka.

Mlango wa wodi alimolazwa mama unafunguka. Nesi anatazama faili, hanitazami mimi.

"Mgonjwa wako anaendelea vizuri."

"Amekula nini?" namuuliza.