Karani Aliyeuza Maafa

Wiki iliyopita nilikwenda kutoa kopi za hati pale Kinondoni, nikakabidhiwa karatasi zingali moto, zinanuka wino. Ndugu yangu, nilisimama mlangoni nimezikumbatia, watu wananipita. Harufu ile ilinirudisha Temeke ya enzi za Mwingereza, kwa jirani yetu Karani.

Karani alikuwa mtu wa bara. Akitoka ofisini huingia kwenye mashine yake kuukuu ya kurudufu, akatengeneza vijitabu vya mauaji na maafa: treni iliyoacha reli, mchinja nyama aliyemuua shemeji yake, radi iliyopiga harusi. Alivishona kwa uzi wa magunia na kuviuza mwenyewe sokoni. Watoto waliojua kusoma waliwasomea kina bibi uani wakikuna nazi, na damu ikimwagika mle kitabuni, hakuna aliyekumbuka kukuna.

Lakini alikuwa na desturi yake. Habari ya marehemu haiuzwi mpaka arobaini ipite, na wafiwa waisikie kwanza, waridhie.

Zamu yetu ikafika. Baba alifukiwa na mawe machimboni Kunduchi, mimi ningali mdogo, mama naye alishatangulia. Hata arobaini haijafika, watu walianza kumuuliza Karani, "Cha Kunduchi kitatoka lini?" Bibi aliyebaki kunilea aliwasikia. Aliumia sana, maana aliona mwanawe anakwenda kuuzwa fungu moja na yule mchinja nyama.

Siku ilipofika Karani alipiga hodi, akavua viatu, soksi moja imetoboka, akasoma. Alisoma vizuri mno, hata mimi niliyasikia mawe yakiporomoka. Bibi alimwacha amalize.

"Bwana Karani, uliyenisomea hapa ni maiti. Mwanangu yuko wapi?"

Karani aliinamisha kichwa. "Nisamehe, mama. Hebu nieleze, niandike upya."

Bibi alieleza mpaka magharibi: chafya za baba zilizotawanya kuku, ugomvi wake wa kugombea ukoko wa wali, alivyonibeba mgongoni akijifanya punda aliyegoma. Karani aliandika huku akicheka na kujifuta macho.

Kijitabu kilipotoka, mawe yaliporomoka kwenye ukurasa wa mwisho tu. Walionunua ili waogope walijikuta wanacheka, kisha wanalia. Sokoni wakawa wanamwamkia bibi, "Shikamoo, Mama Chafya," naye akiitika kwa maringo.

Nakala yetu ililiwa na mchwa. Karani hayupo, bibi hayupo, na siku hizi picha ya maiti inazunguka kwenye simu kabla hata hajaoshwa, wala hakuna anayewapigia hodi wafiwa. Hilo linaniuma. Ila nashukuru, tena sana. Sura ya baba siikumbuki, lakini yule punda namkumbuka, na sijali kama nilimpata mgongoni au kitabuni.

Juzi nilipiga chafya, mjukuu wangu akaruka kwa mshtuko.

"Bibi, nini hicho?"

"Huyo," nikamwambia, "ni baba yangu."